Vitunguu ya Bule ndani ya bokali

Kazi moja, 7 mwezi ya tisa

Wiki imeanza. Niliosha bokali, zile chupa za kioo, tangu asubuhi. Mikono inanuka dawa ya javeli mpaka kwenye viwiko. Watu wanafikiri kazi ya labo ni kuvaa koti nyeupe na kuchungulia mikroskopu. Kumbe ni vyombo tu. Kama ningependa kuosha vyombo hivi ningebakia kwa restora ya shangazi, angalau kule ningekula.

Leo ndizi tu. Jana ndizi. Labo yetu ilifunguliwa juu ya ndizi: unakata chipukizi, unaiweka ndani ya bokali yenye uji ya sukari na agari, ule unga ya kugandisha, inazaa zingine, unagawa, unaweka tena. Kisha unapeleka miche kwa walimaji. Kitunguu hapana. Kitunguu hakuna mutu anaiwazia.

Nilimuomba Shefu, Papa Anselme, ruhusa ya kuingiza vitunguu ya Mama. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema bokali zenye kuvunjika mudomo naweza kutumia. Papa Anselme ni muzuri akiwa amekula.

Vitunguu yenyewe ni ya Bule, ndogo, nyekundu sana. Mama alikimbia nayo wakati ya vita. Kule juu kwenye baridi inatoa maua na mbegu. Hapa Bunia inakataa. Hakuna ua, hakuna mbegu. Kila mwaka Mama anarudisha vichwa ndani ya udongo nyuma ya nyumba yetu, hapa mutaa wa Lumumba, na kila mwaka zinatoka ndogo kuliko zile za kwanza. Majani inapiga mistari ya manjano. Ni ugonjwa, iko ndani ya damu yake sasa. Zenye kubakia zinaenea ndani ya mikono mbili. Zikiisha hizo, basi, ile kitunguu haiko tena.

Mama anataka kurudi Bule nayo. Watu wanasema amani imefika.

Kazi inne, 10 mwezi ya tisa

Nilikata leo. Kitunguu yote ni maganda tu, uzima yake iko pale chini, kwenye kitako, karibu na mizizi. Unasafisha, unalowesha ndani ya alkoli, kisha javeli, kisha maji ya kuchemka yenye imepoa. Unatupa kilicho nje. Unagawa kitako vipande vipande, kila kipande na moyo yake ndogo katikati. Kama haina moyo haifai kitu.

Nilitumia karibu nusu ya vitunguu ya Mama.

Ndani ya ile kisanduku yetu ya vioo hakuna hewa. Mask kwenye mudomo, mikono ndani, na vitunguu zinanichoma macho. Huwezi kupangusa, mikono ni safi. Machozi ilishuka mpaka ndani ya mask. Papa Anselme alipita, akasimama, akaniuliza kwa sauti ya chini nani amekufa. Nikamuambia kitunguu. Akaenda bila kucheka.

Siku ya Mungu, 13 mwezi ya tisa

Kanisa. Kisha sombe, samaki ya Kasenyi, usingizi.

Mama aliniuliza nitatoa miche ngapi. Nikamuambia ya kupanda vitanda viwili itatosha, kisha atajizalishia mwenyewe kule Bule. Akasema hapana. Anataka kikapu nzima. Ijae mpaka juu, mpaka mutu akiangalia aseme imejaa.

Nikamuuliza ya nini. Akaanza kukunja vikwembe yake, vitambaa ya kujifunga. Mama akianza kukunja vikwembe, mazungumuzo imekwisha.

Kazi tatu, 16 mwezi ya tisa

Ukungu. Karibu bokali zote. Nywele nyeupe juu ya uji, zingine pinki, moja nyeusi. Kazi ya siku nzima, vitunguu nusu, vyote takataka.

Kitunguu inalala ndani ya udongo maisha yake yote, hata ukiiosha mikrobi inabakia kwenye mikunjo. Nilijua. Nilifikiri nitabahatisha. Mujinga mimi.

Papa Anselme aliona, akasema ndizi haifanyi vile. Aksanti, Papa.

Sikumuambia Mama.

Kazi tano, 18 mwezi ya tisa

Nilirudilia na zingine. Mara hii nilitia vitunguu kwanza ndani ya maji ya moto, ile mukono inavumilia kwa shida. Nilibandua mpaka nilifika karibu kwenye hakuna kitu. Nilichukua vipande vidogo sana, moyo peke yake. Ndogo vile inaweza kufa upesi, lakini kama inapona, inapona bila ule ugonjwa ya manjano. Ni vile wanafanya na ndizi.

Nyumbani kumebakia vitunguu tatu ao inne tu. Kama hii inaharibika pia sijui nitamuambia nini Mama. Mugongo unauma. Nalala.

Kazi mbili, 29 mwezi ya tisa

Bokali ziko safi. Tatu tu zimeoza. Zingine zimekaa kimya, vipande vyeupe juu ya uji, hakuna kitu inatembea. Niko naogopa hata kupumua karibu yake.

Mama bado ananiuliza kila magaribi. Nikamuambia zimelala.

Posho, 17 mwezi ya kumi

Kijani!

Nilikuja labo leo posho, siku ya mapumuziko, bila kutumwa, kwa kuangalia tu. Kwenye bokali ya kwanza, uzi moja ya kijani, nyembamba. Kwenye ingine, mbili. Nilihesabu, nikaacha kuhesabu, nikakaa chini kwenye tabure. Nilifurahi mpaka nikaona haya.

Nilimuambia Mama. Akapiga vigelegele pale pale mbele ya jikoni. Jirani wakafikiri tumepata harusi. Mi niko na miaka ya kutosha, walipenda sana kuamini.

Kazi tatu, 11 mwezi ya kumi na moja

Malaria wiki nzima. Leo nilirudi kazi na miguu ya maji.

Nilikata na kugawa. Kila kimoja kimezaa kichaka ndogo, unaachanisha, unaweka ndani ya uji mupya. Inazidi kama uongo. Papa Anselme alishika bokali moja kwenye mwanga, akaigeuza sana, akasema "Tiens", kama kusema ala! Kwake hiyo ni sifa.

Motari mumoja, wa pikipiki, alileta habari: masasi ya bunduki ililia kule juu, Bule. Wengine wanasema ni wevi wa ngombe tu. Wengine wanasema ni wale wa muporini wamerudi. Hakuna mutu anajua, lakini wote wanasema. Hii amani yetu iko kama mutu mwenye malaria. Leo anatembea, kesho amelala.

Mama alisikia pia. Alifua vikwembe vyote na kuvianika.

Siku ya Mungu, 29 mwezi ya kumi na moja

Nitaandika hapa kwa sababu hakuna mutu atasoma. Sitaki Mama aende.

Papa yangu aliuawa kwenye njia ya Bule, siku ya kukimbia. Sisi tulimuacha pale pale, chini ya kikwembe. Mama anajua ile pahali kuliko mimi. Sasa anataka kupita pale na kikapu ya vitunguu kichwani. Kila bokali yenye kuchipuka ndani ya labo inamusogeza njiani. Mi njo nafanya ile kazi. Nachoka kuifanya na nachoka kuogopa iishe.

Kazi tatu, 23 mwezi ya kumi na mbili

Mazuti ya jenereta imeisha. Papa Anselme alifunga labo mpaka baada ya bonane, mwaka mupya. Alisema ndizi zitavumilia kwenye dirisha. Vitunguu, kila mutu abebe shida yake.

Nilibeba nusu nyumbani ndani ya sanduku ya karto, juu ya pikipiki, magoti imebana bokali, motari anaimba. Nusu niliacha pale kwenye dirisha ya labo. Nilipanga zangu kwenye dirisha ya chumba. Nikamuonyesha Mama. Ilikuwa mara ya kwanza anaziona. Aligusa kioo na kidole kimoja, pole pole. Akauliza kama hazisikii baridi.

Nikamuambia ziko muzuri vile. Nilimuambia hivyo tu.

Kazi inne, 24 mwezi ya kumi na mbili

Nilienda soko asubuhi, kununua muchele na kuku ya Noeli. Niliporudi dirisha ilikuwa tupu.

Ziko wapi? Jikoni. Mama alizipanga ndani ya kikapu yake ya zamani na kuitundika juu ya moto, pale moshi inapita. Vile wanafanya kwao na mbegu. Mbegu ya kupanda haikai kwenye baridi, inakaa juu ya moshi mpaka mvua. Alifanya kwa mapendo. Hata alifunika na majani ya ndizi.

Uji iliyeyuka yote. Miche ililala ndani kama mboga ya kuchemsha. Bokali moja ilipasuka juu ya sufuria ya maharagi.

Nilimupigia kelele. Mama yangu. Sijapata kumupigia kelele tangu nizaliwe. Nilimuambia vibaya, sitaandika. Alibakia amesimama na mwiko. Kisha akaanza kutoa vipande vya kioo ndani ya maharagi, moja moja.

Kazi tano, Noeli

Tulienda misa, Mama mbele, mi nyuma. Tuliporudi akaniita jikoni. Akakaa. Nikakaa.

Zile vitunguu si zake.

Naandika vile alisema. Kule Bule, kwa wanawake wa ule upande wa soko, mbegu yako haikai kwako. Unaipeleka kwa jirani, atundike juu ya moshi yake. Na yake inakaa kwako. Kwa sababu njaa ikifika mutu anakula mbegu yake mwenyewe, atasema kesho nitaona. Ya mwingine unaogopa. Basi Mama alikuwa anatunza ya Mama Esta, na Mama Esta alikuwa anatunza yake. Ile siku ya kukimbia alinyofoa kikapu juu ya moto na kutoka mbio. Ilikuwa imejaa.

Kisha kambi. Tulikaa pale na njaa, mi na wadogo wangu, na Mama akaanza kutia moja moja ndani ya supu. Nakumbuka ile supu. Ilikuwa kitu moja tu yenye utamu pale. Niliomba iongezwe.

Akaacha zikiwa zimebakia kidogo. Zile njo amezipanda miaka yote hii nyuma ya nyumba.

Kwa hiyo kikapu nzima. Alipokea imejaa, anataka kurudisha imejaa.

Na Mama Esta ni wa kabila ingine. Watu yake njo waliua Papa. Nikamuambia Mama vile vile, kwa mudomo wangu. Akasema Mama Esta hakuua mutu. Nikasema unajua namna gani. Akasema namujua.

Kuku iliungua. Tulikula hivyo hivyo.

Siku ya Mungu, 3 mwezi ya kwanza

Labo bado imefungwa, lakini ufunguo niko nayo. Sikuenda. Zile nusu zenye kubakia ziko pale peke yake. Zikauke. Sina nguvu ya kumulimia Mama Esta.

Wiki nzima nimejiambia vile. Kila asubuhi naamka na hasira, magaribi inabakia uchovu tu.

Kazi moja, 11 mwezi ya kwanza

Labo imefunguliwa. Nilienda moja kwa moja kwenye dirisha.

Hazikufa. Ni mbaya zaidi. Zimekuwa za kioo. Majani imevimba, inapitisha mwanga, ukigusa na kibano inavunjika na kutoa maji. Ni kwa sababu zilikaa sana ndani ya bokali ile ile, imefungwa kabisa, jasho yake inairudilia. Inakunywa mpaka haiwezi kusimama tena. Ukiitoa nje mara moja, jua inaiua.

Nilipaswa kuzihamisha kabla ya Noeli. Na ile wiki nilikuwa na ufunguo ndani ya mufuko, nimekaa nyumbani nachukia mutu nisiyemuona tangu utoto.

Papa Anselme aliangalia. Akasema zile za kioo kabisa ni za kutupa, lakini zenye kuwa nusu, mutu mwenye subira anaweza kuzirudisha. Kisha akasema yeye hana subira, kwa hiyo ni kazi yangu.

Kazi tatu, 27 mwezi ya kwanza

Uji mugumu zaidi, agari nyingi, ili isinyonye maji ovyo. Nilitoboa vifuniko na kutia pamba, hewa ipite. Nilitupa zile zenye kuyeyuka. Zingine zimeanza kukauka vizuri, rangi inarudi, ile kijani ya kweli yenye vumbi.

Mama sasa haniulizi tena. Akiniona narudi anaweka chakula tu. Ningependa aulize.

Leo nilimuambia mwenyewe: zinarudi. Akasema aksanti, Fabi. Kisha akageuka upesi kwenye sufuria. Alikuwa analia, niliona kwenye mabega.

Posho, 20 mwezi ya pili

Zimepata mizizi. Leo nilizitoa nje, isipokuwa bokali tatu.

Unaosha ile uji yote kwenye mizizi, ikibakia sukari ukungu itakula. Unaziweka ndani ya udongo wa kuchemsha na muchanga. Unafunika na plastiki. Kila siku unafungua kidogo zaidi. Kuzizoeza hewa, kama mugonjwa mwenye anatoka lopitali.

Nilizileta Lumumba mara hii kwa makusudi. Nilimuita Mama, nikamuelezea kila kitu: maji namna gani, plastiki namna gani, kwa nini si moshi. Alisikiliza kama mutoto wa shule. Akauliza kama anaweza kuziongelesha. Nikamuambia aongee tu, ila asifungue.

Tangu pale anakaa mbele ya plastiki na kuzungumuza. Anaziambia habari ya Bule. Nani alikuwa na shamba wapi. Nani aliolewa na nani.

Kazi tano, 5 mwezi ya tatu

Mvua ya kwanza. Plastiki iko wazi kabisa sasa. Zimesimama, nyembamba kama nyuzi za kushonea, lakini zimesimama. Hakuna mistari ya manjano hata kwenye moja. Siamini.

Jana masasi tena kwenye barabara ya juu. Gari nyeupe za walinzi wa amani zilipita mbio mbele ya soko. Safari ya Bule tuliipangia posho ya kesho, tumeiacha. Mama alifungua musigo, akatoa vikwembe, akavikunja tena.

Nilifurahi. Kisha nikaangalia miche. Zikikaa ndani ya sanduku zaidi ya wiki mbili zitachoka, na mvua haitatungoja.

Kazi inne, 18 mwezi ya tatu

Mama alisema anaenda posho hii, na mimi ao bila mimi.

Motari wanasema njia iko sawa. Wanasema vile kila mara, ni kazi yao. Nilimuomba Papa Anselme siku mbili. Aliniuliza zile vitunguu zinaenda wapi. Nikamuambia kwa mwenyewe. Akanipa karto nzuri ya labo, ile yenye matundu, na gazeti za zamani za kulowesha. Akasema nimubakizie zile bokali tatu, labo iwe nazo. Sikujua kama anazitaka kweli ao ananionea huruma.

Posho, 20 mwezi ya tatu. Bule

Naandika jikoni kwa Mama Esta, kwenye mwanga ya moto.

Pikipiki mbili. Mama mbele, karto kwenye mapaja. Pale kwa Papa, pale tulimuacha, motari ya Mama alisimama, Mama alikuwa amemuambia mapema. Mama alishuka, akasimama kidogo. Majani tu, na maji inapita. Akapanda tena. Mi sikushuka. Sikuweza.

Bule, soko ilikuwa imejaa: viazi, mboga ya poro, watu. Mutu ananisalimu, simujui. Shamba yetu ni magugu. Nyumba hakuna, msingi tu. Ya Mama Esta iko, lakini bati ni mupya.

Akatoka. Mudogo, amekonda, kichwa chote nyeupe. Wakaangaliana. Nilikuwa nimejipanga kumuchukia, nilitayarisha uso tangu Bunia. Akasema tu: "Mama Fabi, umechelewa."

Mama akaweka karto chini, akaifunua. Akamuambia ni zako, ndogo lakini ni zako, zingine tulikula na watoto kwenye kambi, unisamehe. Alisema yote kwa mara moja, bila kupumua, miaka yote hiyo.

Mama Esta akaingia jikoni. Akarudi na kikapu nyeusi ya moshi, akaiweka chini karibu ya karto. Kikapu ya Mama, niliijua kwa ile ukingo yenye Papa alishona na waya. Ilikuwa tupu. Akasema: "Mi nilikula zako zote. Hata moja sikuacha."

Wakati ya vita Mama Esta na watu yake walijificha muporini. Mutoto wake Josué, mwenye tulikuwa tunacheza naye, aliuawa na watu yetu. Siku ile alipikia wenye kuzika. Alipika na vitunguu ya Mama.

Wakaanza kucheka. Wazee wawili, wameshikana mikono, wanacheka mpaka wakakaa chini kwenye udongo. Kisha haikuwa kicheko tena. Sikujua niangalie wapi. Nikaangalia miche.

Siku ya Mungu, 21 mwezi ya tatu. Bule, kisha Bunia

Tulipanda asubuhi kabla ya kanisa. Udongo mweusi, baridi, mikono inaganda. Niliwaonyesha kina. Kwa mara ya kwanza sikuwa na kitu ya kulaumu.

Wakagawa miche. Nusu kwa Mama Esta, nusu kwa Mama, kwenye ile kipande walipalilia jana. Halafu wakasema maneno yenye nimerudilia kichwani njia yote: ikikomaa, mbegu ya shamba ya Mama itatundikwa kwa Mama Esta. Na ya Mama Esta itatundikwa kwa Mama.

Nikawaambia ni kitunguu moja. Ile ya Mama imeisha duniani, hizi zote zimetoka kwenye vitunguu ya Mama Esta, ndani ya bokali zangu, ni sawasawa mpaka ndani. Kubadilishana ni ya kazi gani? Wakaniangalia kama vile nimewauliza kwa nini watu wanakula. Mama Esta akaniuliza kama kwenye labo tunafundishwa kuuliza maulizo ya namna hii.

Mama anabakia. Atalala kwa Mama Esta mpaka nyumba isimame. Nilijua tangu alipofunga musigo, alibeba hata sufuria yake. Nililia juu ya pikipiki, motari akaendesha pole pole njia nzima. Mutu muzuri.

Pale kwa Papa nilimusimamisha motari. Nikashuka.

Kazi moja, 29 mwezi ya tatu

Niliosha bokali. Ndizi.

Hakuna habari mbaya kutoka juu. Motari alileta salamu: Mama anasema miche imeshika, na kwamba kikohozi yake imepona. Hakuniambia kama alikuwa na kikohozi.

Bokali tatu za vitunguu ziko labo, Papa Anselme mwenyewe aliandika jina ya Bule juu yake. Nyumbani kumebakia kitunguu moja, ile ya mwisho ya nyuma ya nyumba, yenye mistari. Mama aliiacha juu ya dirisha. Motari aliniambia niitunze: Mama na Mama Esta wamesema moja ikae kwa mutu wa tatu, ndiye mimi.

Magaribi nilirudi, nyumba iko kimya. Nikawasha moto, nikatia mafuta ndani ya sufuria, nikatafuta kitunguu. Hakuna. Ile tu ya dirisha.

Nikatoa sufuria kwenye moto. Nikavaa viatu tena na kwenda kununua kitunguu soko.